Mbuzi Asiyekula Majani

Saa moja na robo. Isha bado haijaadhiniwa.
Nimepanda ngazi za Michenzani mpaka ghorofa ya tano
na ngisi nusu kilo kwenye mfuko mweusi,
mfuko unaovuja wino hatua kwa hatua
hadi mlangoni kwa Bi Raya.
Nitapangusa. Kesho nitapangusa.

Zuwena yuko zamu ya usiku.
Kaniachia karatasi juu ya friji, herufi kubwa,
kama anaandika kwenye kitanda cha mgonjwa:
ASILE SAMLI. ASILE SIAGI. BISKUTI SOMA KWANZA.
Miaka kumi na moja ya ndoa, haniamini na kijiko.
Ana haki.
Mfunguo Pili, harusini Fuoni, nilimwonjesha mtoto kastadi.
Kijiko kimoja.
Midomo ikafura kama andazi kwenye mafuta,
nikakimbia naye mikononi, mguu mmoja na kiatu, mmoja bila,
nikisoma sura zote nilizohifadhi chuoni
na zile nilizokwisha kuzisahau.

Tangu siku hiyo nasoma pakiti kama nasoma hati ya shamba.

"Baba, leo nini?"
Ngisi.
"Wana miba?"
Wana kalamu. Tazama.
Namchomolea moja, nyembamba, inapitisha mwanga.
Wana wino, wana kalamu,
shule tu ndiyo hawakwenda.
Nadhra anacheka mpaka anakaa chini.

Mbuzi wangu yuko nyuma ya mlango.
Miguu ya kukunjua, jino limeanza kulegea,
alivuka nami kutoka Kojani mwaka nilioajiriwa.
Namkalia, nakuna. Mtoto kachutama mbele,
anaokota chembe zinazoruka nje ya sinia.
"Mbuzi huyu anakula majani?"
Hali.
"Ana maziwa?"
Anayo. Tena haya ndiyo yako.

Maji ya uvuguvugu, kifumbu, mikono minne inabinya.
Kasimile naiweka kando, mbali na kiwiko changu.
Tui la pili linatangulia sufuriani
juu ya kitunguu, thomu, tungule mbili, bizari ya ncha ya kisu.
Pilipili mbuzi moja, nzima, isipasuke:
mbuzi wawili kwenye chungu kimoja
na hakuna hata mmoja aliyelia.

Simu inatetemeka. Mamangu.
Najua swali lake kabla sijapokea:
mtoto gani duniani asiyenywa maziwa?
Kwake yeye, chakula bila samli ni yatima.
Nitampigia. Ngisi hangoji mama wa mtu.
Dakika tatu, ajikunje pete, basi;
ukimwacha ya nne unatafuna kandambili.
Na gesi nayo, moto umeanza kuwa wa njano,
nautikisa mtungi kama namwamsha mlevi.
Haya. Kasimile. Koroga upande mmoja, usiache likakatika.
Ndimu.
Zima. Au umejizima wenyewe, sijui.

Tunakula kwa boflo, mkekani, dirisha wazi.
Nimesoma boflo pia. Nimemuuliza mwokaji mara mbili.
Nadhra anachovya, ananyonya vidole,
juu ya mdomo kaota sharubu nyeupe
na mimi nimeshika tonge hewani,
naitazama ile midomo.
Nahesabu. Thelathini. Sitini.
Haifuri.
Ni myeupe tu, na inaongea na mdomo umejaa,
inaniuliza kama ngisi huandika barua kwa nani.

Nimemfunikia Zuwena fungu lake kwa kawa,
nikageuza karatasi yake nikaandika nyuma:
Nimesoma kwanza.

Mlango unagongwa.
"Nani kanimwagia wino kizingitini?"
Nateka bakuli, lijae, pete nzuri nzuri juu,
Nadhra analibeba mbele yangu kama wakili.
Nyuma nakuja mimi
na tambara.